Mtoto wa mbwa analia usiku? Usimchape

Umeleta mtoto wa mbwa awe mlinzi wa boma, lakini usiku kucha analia na hakuna anayelala. Wengi wetu hudhani ni ukaidi, tukachukua fimbo.

Ukweli ni kwamba anaogopa. Alizoea kulala amebanana na mama na ndugu zake. Sasa yuko peke yake, gizani, kwenye baridi. Ukimchapa, atajifunza kukuogopa, na mbwa mwoga huweza kuuma hata watu wa nyumbani.

Tunashauri hivi:

- Mchukue akiwa na wiki 8 au zaidi.
- Omba kitambaa alicholalia na mama yake, ukitandike ndani ya boksi.
- Mlishe mapema jioni, na mtoe akojoe kabla ya kulala.
- Siku za kwanza, weka boksi karibu na unapolala. Kisha lisogeze kidogo kidogo hadi kwenye kibanda chake.
- Akilia usiku wa manane, mtoe akojoe na umrudishe kimya, bila kucheza naye.

Akizoea, atalala. Na akifikisha miezi 3, mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.