Harufu ya Kinywaji Kilichochacha: Inachofichua na Inachoficha

Mkoa wa Tabora unajulikana kwa asali ya misitu ya miombo, na kwa miembe iliyoota kando ya njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wilayani Nzega, kama kwingineko mkoani, neema hizo mbili huacha mabaki. Masega yaliyokwisha kukamuliwa hubaki na asali iliyonata, na maembe huiva kwa pamoja kuliko yanavyoweza kuliwa. Si lazima mabaki hayo yatupwe. Maji yaliyooshea masega huweza kuchachushwa yakawa wanzuki. Maembe hutoa mvinyo, na mvinyo ukipata hewa hugeuka siki. Mlaji anayenunua vinywaji vya namna hii mara nyingi huanza kwa kunusa. Desturi hiyo ni njema, lakini ina mpaka, na kutoujua mpaka huo kumewagharimu watu macho na hata maisha.

Harufu hutoka wapi

Asali iliyokomaa haichachi kwa urahisi, kwa kuwa maji yaliyomo ni machache, kwa kawaida chini ya asilimia 20. Ikizimuliwa kwa maji, hamira huanza kazi: hula sukari na kutoa kilevi kiitwacho ethanoli pamoja na hewa ya ukaa. Katika miaka ya 1860, mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alionesha kwamba mvinyo mzuri na mvinyo ulioharibika hutofautiana kwa sababu ya vijidudu vilivyomo ndani yake.

Hamira haitoi kilevi peke yake. Hutengeneza pia asidi, na kilevi kikiungana na asidi hupatikana kemikali ziitwazo esta. Esta ndizo zinazokipa kinywaji manukato ya matunda. Mojawapo ni ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, ndiyo maana kinywaji kisicho na ndizi hata moja huweza kunukia ndizi.

Yale pua inayoweza kutueleza

Harufu kali ya siki huonesha kuwa bakteria wa asidi wamepata hewa na kugeuza kilevi. Katika siki, hilo ndilo linalotakiwa. Katika wanzuki ni dalili ya chombo kilichoachwa wazi au kinywaji kilichokaa mno.

Harufu ya rangi ya kucha hutokana na esta ya ethanoli na asidi ya siki ikizidi kiasi. Nayo ni dalili kwamba kinywaji kimeanza kuharibika.

Harufu ya mayai viza hutokea hamira inapokosa lishe ya naitrojeni, ambayo ni haba katika asali. Huonesha kuwa uchachushaji haukuangaliwa vizuri.

Harufu ya ukungu hutokana na matunda au vyombo vilivyoota kuvu. Kinywaji cha namna hiyo kikataliwe.

Yale pua isiyoweza kutueleza

La kwanza ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wako wanaodhani kuwa mahindi yaliyoharibika, yasiyofaa kwa ugali, yanafaa kwa pombe. Dhana hiyo ni ya hatari. Vijidudu hugeuza sukari na wanga, lakini kuchachusha na kuchemsha hakuondoi sumukuvu kwa kiwango cha kutegemewa, na sumu yenyewe haina harufu ya kumwonya mnywaji. Embe lililoiva kupita kiasi ni mabaki yanayoweza kutumika. Hindi lililoota kuvu ni sumu, wala halipaswi kulishwa mifugo.

La pili ni methanoli. Vinywaji vya matunda visivyokenekwa huwa nayo kwa kiasi kidogo sana. Hatari kubwa imo katika pombe kali iliyokenekwa pasipo usimamizi, na hasa iliyochanganywa na kemikali za viwandani. Nchini Kenya, mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli. Harufu yake hukaribiana na ya ethanoli, hivyo mnywaji hawezi kuitambua. Ndani ya mwili hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho. Mililita 10 za methanoli halisi zaweza kumpofusha mtu. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, na kuona ukungu machoni. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, na mabaki ya kinywaji yapelekwe pamoja naye.

Mambo ya kuzingatia unaponunua

1. Muulize mwuzaji kinywaji kimetengenezwa kwa nini na lini. Anayekwepa swali hilo asinunuliwe.

2. Kwa kinywaji cha chupa, tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la mzalishaji, kiwango cha kilevi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa.

3. Usinunue kinywaji kilichowekwa katika dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dawa za mashambani au kemikali nyingine.

4. Usinywe gongo wala pombe kali yoyote isiyojulikana ilikotoka, hata ikiwa harufu yake ni nzuri.

5. Harufu mbaya inatosha kukukataza kununua. Harufu nzuri pekee haitoshi kukuruhusu.