Wito, Kazi na Kibarua: Lugha ya Imani ya Kikristo na Maana ya Kazi za Kila Siku katika Bonde la Kilombero

1. Utangulizi

Makala hii inafafanua namna imani ya Kikristo inavyoweza kumsaidia mtu kuona kusudi katika kazi yake ya kila siku, pamoja na sharti ambalo bila hilo msaada huo hugeuka kuwa mzigo mwingine. Uwanja wa mjadala ni Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako familia nyingi huishi kwa kilimo cha mpunga na ambako Ukristo, hususani Ukatoliki, umekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Mjadala umejengwa juu ya maneno matatu: wito, kazi na kibarua. Hoja kuu ni kwamba fundisho la kuiita kila kazi halali wito ni sahihi, ila hukamilika pale tu linapomhusu anayefanya kazi na anayemfanyisha kwa uzito ule ule. Likielekezwa kwa mfanyakazi peke yake, huwa faraja inayofunika suala la ujira.

2. Kazi katika Historia ya Bonde

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Kwiro, katika milima ya Mahenge juu ya bonde, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye eneo hilo liliingia katika Vita vya Majimaji (1905–1907), ambavyo miongoni mwa vyanzo vyake vilikuwa kodi na kazi za kulazimishwa, ikiwamo kulima pamba. Hivyo basi, kizazi kimoja kilisikia habari za kazi kutoka pande mbili: kwa mtawa, ambaye kanuni yake iliunganisha kazi na sala, na kwa serikali ya kikoloni, ambayo ilidai nguvu za watu kwa amri. Tangu mwanzo, swali la kusudi la kazi halikutengana na swali la nani anaiamuru.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua nafasi ya Wabenediktini, kuanzia mwaka 1921. Huduma ya afya ya misheni ilikua hadi kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Mwaka 1957 ilianzishwa hapo maabara ya utafiti chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana kwa utafiti wa malaria. Mashamba na kiwanda cha sukari upande wa Kidatu, pamoja na ujenzi wa reli ya TAZARA (1970–1975), vilileta ajira za namna nyingine. Jimbo Katoliki la Ifakara, lililoundwa mwaka 2012 kutokana na Jimbo la Mahenge, kwa hiyo lina waumini wauguzi, watafiti, mafundi, wakata miwa na wakulima wa mpunga. Je, lugha ya imani inawapa wote hadhi moja?

3. Wito: Neno Lililofupishwa

Nomino "wito" imetokana na kitenzi "ita". Kimaana, inadai pande mbili, yaani anayeita na anayeitwa. Katika matumizi ya Kanisa, neno hili limezoeleka kumaanisha zaidi upadre na utawa. Tangu mwaka 1964, Kanisa Katoliki limetenga siku maalumu ya kuombea miito hiyo, ambayo sasa huadhimishwa Dominika ya nne ya Pasaka. Nje ya ibada, daktari, muuguzi na mwalimu nao huambiwa kwamba kazi zao ni wito. Ni nadra kusikia neno hilo likitumiwa kwa anayepalilia mpunga au anayebeba magunia stesheni.

Ufinyu huu haukuanzia Ifakara. Katika karne ya 16, Martin Luther alipinga desturi ya kuwaachia watawa peke yao neno la wito, akalitumia kwa mshona viatu na mtumishi wa ndani. Upande wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alifafanua katika waraka wake Laborem Exercens (1981) kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na utu wa anayeifanya, kabla ya kuangalia ni kazi ya aina gani. Kwa msingi huo, anayepalilia na anayepasua wagonjwa wanasimama sawa. Hata hivyo, waraka huo huo unauchukulia ujira wa haki kuwa kipimo cha uadilifu wa mfumo mzima wa uchumi. Mafundisho haya mawili yameandikwa pamoja. Kulitumia moja na kuliacha jingine ni kuukata waraka nusu.

4. Mpunga, Mchele, Wali

Kiswahili chenyewe kinashuhudia uzito wa kazi ya shambani. Punje ile ile huitwa mpunga ikiwa shambani, mchele ikishakobolewa, na wali ikishapikwa. Kila jina jipya linaonesha mikono iliyopita katikati. Kati ya kupanda na kupura kuna kupalilia, na kuna kuamia, yaani kukaa kwenye dungu kuanzia alfajiri ili kuwafukuza ndege wasimalize punje. Katika msimu, familia nyingi huhamia mashambani kwa majuma au miezi, zikaacha nyumba zao za mjini au kijijini.

Uhamaji huu una athari kwa mafundisho ya imani. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, hukutana majumbani mwa waumini. Muumini aliye shambani mbali na nyumbani huikosa jumuiya yake katika kipindi ambacho kazi ni ngumu kuliko vipindi vingine vyote. Fundisho la kwamba kazi ni wito lisipomfikia kwenye dungu, hubaki kuwa la walioketi karibu na kanisa.

5. Kibarua: Neno Lenye Karatasi Ndani Yake

Neno "kibarua" ni udogo wa "barua". Asili yake ni kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya siku, ili akioneshe na kulipwa. Baadaye jina la kikaratasi likamhamia mwenye kukishika. Kimaana hili ni jambo zito: mtu aliitwa kwa jina la uthibitisho wa deni analodai. Hata nahau ya leo, kwamba kibarua cha fulani kimeota nyasi, husema juu ya riziki iliyokatika.

Hapa ndipo wito na kibarua hukutana. Asubuhi ya msimu, anayemwita kibarua ni mwenye shamba. Mhubiri anaposema kwamba Mungu ndiye anayeita, sauti hizo mbili zaweza kuchanganywa, na agizo la mwenye shamba likavikwa mamlaka ya mbinguni.

Maandiko yenyewe yanakataa mchanganyiko huo. Mawaidha ya Wakolosai 3:23, ya kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana, hutolewa mara nyingi kwa wafanyakazi. Hata hivyo, muktadha wake ni maneno kwa watumwa, na mstari wa 4:1 unawageukia mabwana na kuwadai haki na usawa. Yakobo 5:4 inaueleza ujira uliozuiliwa wa wavunaji kuwa kilio kinachomfikia Mungu. Katika Mathayo 20, vibarua waliokosa wa kuwaajiri hadi saa kumi na moja, saa ambayo msomaji wa Kiswahili huielewa bila maelezo, wanalipwa ujira wa siku nzima, kwa kuwa tumbo la mtu halihesabu saa alizofanya kazi.

6. Pingamizi na Jibu

Yawezekana kudai kwamba kusudi la kazi ni jambo la moyoni, na kwamba kuliambatanisha na ujira ni kulishusha. Pingamizi hili lina ukweli wake. Wako watu wanaofanya kazi isiyolipwa kabisa, kama mama anayemuuguza mgonjwa wake wodini, na maana ya kazi yao haina shaka. Lakini mama huyo amemchagua anayemtumikia. Kibarua hana uchaguzi huo kwa ukamilifu, na kumtaka atosheke na maana pekee ni kumtaka awalishe watoto wake maana hiyo.

7. Hitimisho

Makala imeonesha kwamba imani ya Kikristo ina nyenzo za kutosha za kuipa hadhi kazi ya kila siku, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuibeba hadhi hiyo. Kinachohitajika ni kulirudisha neno wito katika upana wake bila kulitenga na historia ya neno kibarua. Katika mahubiri na katekesi, hili lina maana ya kufundisha juu ya kazi mashambani kwenyewe wakati wa msimu, na kuwafundisha wanaoajiri katika kikao kile kile wanachofundishwa wanaoajiriwa. Pale ambapo wote wawili wamesikia, kibarua anaweza kuamini kwamba kazi yake ni wito, na jioni akalipwa.