Tusizichome Karatasi za Wazee Wetu

Katika miji na vijiji vya pwani ya mkoa wetu, kuanzia Moa hadi Kipumbwi, ni nadra kuikuta nyumba kongwe isiyokuwa na kasha. Ndani ya kasha hilo, chini ya kanga za akiba na sanda iliyowekwa tayari, mara nyingi hukaa mfuko wa nguo wenye karatasi zilizogeuka rangi kwa umri. Watoto huambiwa wasiziguse. Mwenye kasha anapofariki, ndipo swali linapozuka: karatasi hizi zifanywe nini?

Jibu la wengi ni moto. Wala hawazichomi kwa dharau. Huzichoma kwa heshima. Herufi zilizomo ni zile zile za Msahafu, na kila Mwislamu amefundishwa kwamba jina la Mwenyezi Mungu halikanyagwi. Karatasi iliyochakaa ni afadhali ichomwe, au ifukiwe mahali safi, kuliko kuachwa ipeperuke njiani. Hivyo ndivyo adabu njema inavyogeuka kuwa sababu ya kupotea kwa historia yetu.

Si miaka mingi iliyopita tulihudhuria matanga ya bibi mmoja mzee. Siku ya kuanua tanga, karatasi za kasha lake zilikuwa zimekwisha kuwa majivu, isipokuwa moja iliyosalia ndani ya Msahafu wake, ilikotiwa kama alama ya ukurasa. Mjukuu wake, kijana aliyekhitimu Kurani na kumaliza kidato cha nne, alituletea akisema, "Mzee, hiki ni Kiarabu, nami Kiarabu sikijui." Tukamwomba aisome tu kwa sauti, herufi kwa irabu, kama alivyofundishwa chuoni. Alipofika mstari wa pili akasita, akaurudia, kisha akatutazama kwa mshangao. Alikuwa amelisikia jina la shamba la babu yake likitoka katika kinywa chake mwenyewe.

Karatasi ile ilikuwa ya Kiswahili, tena Kiswahili cha nyumbani kwao. Ilikuwa hesabu ya minazi aliyoirithi bibi yule kwa mama yake, pamoja na mipaka ya pande zote nne. Na pale pale matangani walikuwapo jamaa wawili ambao mgogoro wao wa mpaka ulikuwa umekwisha kufika barazani. Jani hilo moja lilijibu swali moja. Majibu ya maswali mengine yalikuwa yamekwisha kuungua.

Kijana yule hakukosa elimu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba herufi alizojifunza tangu alifu kwa ujiti ziliwahi kuandika lugha ya mama yake. Na si yeye peke yake. Wapo maelfu ya vijana wetu wenye ufunguo mkononi wasiojua kwamba mlango upo.

Yafaa basi tukumbushane. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, kule India, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mnamo 1711. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani, una nakala yenye tarehe ya 1728. Mwana Kupona alimwandikia binti yake wasia wake katika 1858. Na hapa kwetu, Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, akisimulia jinsi watu wa pwani walivyosimama pamoja na Abushiri, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani mwezi wa Desemba 1889. Nao uliandikwa kwa herufi hizo hizo. Utenzi huo ulichapishwa kuwa kitabu katika 1960, na kwa sababu hiyo leo tunayo habari ya vita vile iliyosemwa na mwenyeji, si ya afisa wa Kijerumani peke yake. Kama karatasi zake zingalichomwa, tungalibaki na neno la mshindi tu.

Wakoloni waliijua thamani ya maandishi haya. Katika 1892 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha C. G. Büttner kilichokusanya barua na maandishi ya Waswahili kwa herufi za Kiarabu, ili maofisa waliosomeshwa Berlin wajifunze kuyasoma kabla ya kuja kututawala. Ni jambo la kutia haya kwamba zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtoto wa Pangani hafundishwi shuleni jambo ambalo karani wa Kaisari alifundishwa.

Lakini tusiwatupie wakoloni lawama zote. Sisi wa Chama nasi hatuna budi kujikosoa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kazi iliyofuata ni fahari ya Taifa letu. Mamilioni walijifunza kusoma. Hata hivyo, vitabu vya kampeni ile vilikuwa kwa herufi za Kirumi, na kipimo kilikuwa ni hizo tu. Mama mzee aliyeweza kuandika barua, wasia na tenzi kwa herufi za chuoni aliketi darasani akihesabiwa kuwa hajui kusoma. Hatukukusudia kumdharau. Lakini watoto wake walipoona elimu yake haihesabiwi, walifunzwa bila ya kuambiwa kwamba haina maana.

Hatusemi turudi nyuma. Herufi za Kirumi zimetuunganisha, na gazeti hili unalolisoma ni ushahidi. Tunalosema ni kwamba mwenye macho mawili hatakiwi kulifumba moja.

Tukiri pia kwamba kuyasoma maandishi haya kunahitaji mafunzo. Kiarabu hakina p wala ch, na irabu zake ni tatu, ilhali za Kiswahili ni tano. Wazee wengi waliandika p kwa herufi ya b, na mara nyingi waliiacha m iliyotangulia b. Hivyo neno moja lenye b mbili na fataha mbili laweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Linalompa msomaji jibu ni maana ya sentensi, na wakati mwingine lahaja ya mwandishi. Msomi wa Kiarabu asiyekijua Kiswahili cha Kimtang'ata atakwama. Na mtaalamu wa Kiswahili asiyejua herufi hizi hataanza kabisa. Anayefaa ni yule aliyepita chuoni na shuleni pia, naye ndiye kijana wetu wa kawaida hapa pwani.

Kazi ya kuhifadhi ilikwisha kuanzwa na wengine. Katika miaka ya 1960, kwa juhudi za J. W. T. Allen na wazee wengi waliomfungulia makasha yao, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya miswada na kanda za sauti, na orodha yake ikachapishwa katika 1970. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar inayo mikusanyo ambayo UNESCO iliitambua katika 2003. Huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha ili maandishi yake yahifadhiwe hata karatasi zikiharibika. Funzo la Lamu ni kubwa: kuhifadhi si lazima kumpokonya mtu mali ya wazee wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ukoo wowote unaofungua kasha la marehemu usichome karatasi kabla hajaitwa mtu wa kuzisoma. Pili, walimu wa vyuo vyetu, ambao tunawaheshimu kama wazazi, watenge darasa moja kwa juma ili wanafunzi waliokwisha kukhitimu wasome Kiswahili kwa herufi wanazozijua tayari. Haihitajiki bajeti, zatosha barua mbili tatu za wazee wa mtaa. Tatu, maofisa utamaduni wa wilaya washirikiane na vijana wenye simu za mkononi, wapige picha kila ukurasa kwa idhini ya wenyewe, waandike umetoka nyumba gani na kijiji gani, kisha nakala zipelekwe Chuo Kikuu na asili ibaki kashani.

Wazee waliotuandikia walitumia wino na kalamu ya mwanzi, usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, wakitumaini kwamba watakaokuja watasoma. Sisi ndio waliokuja. Ewe ndugu unayesoma haya, jioni ya leo mwulize bibi yako kasha lake lina nini. Muulize angali hai.