Kwa nini chumvi na sukari humwokoa mtoto anayehara

KIAMBERE, katika Kaunti ya Embu, ni eneo kame ingawa linapitiwa na Mto Tana, na bwawa lake limekuwa likizalisha umeme tangu 1988. Kwa familia inayokunywa maji ya mto bila kuyachemsha, maradhi ya kuhara hayako mbali. Hata hivyo, wapo wazazi wanaomnyima mtoto anayehara maji wakidhani kuwa hivyo tumbo litafunga. Dhana hiyo yaweza kuua.

Ukuta wa utumbo mwembamba hufanana na bwawa lenye milango. Kupitia milango hiyo, seli hutoa chumvi aina ya kloraidi, nayo sodiamu na maji hufuata ili kulainisha chakula. Seli hupokea amri ya kutoa maji kupitia matarishi, mmojawapo akiwa kalisiamu. Kiasi cha kalisiamu kinapopanda ndani ya seli, maji hutiririka.

Vijidudu hutumia vibaya utaratibu huu. Mnamo 1996 iliripotiwa kwamba virusi vya rota huunda protini inayopandisha kalisiamu hiyo. Sumu ya kipindupindu nayo humtumia tarishi mwingine, na kuuacha wazi mlango mkuu wa kloraidi, uitwao CFTR. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Kinyume chake ni ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka wa 1989. Hapa mlango uo huo ni mbovu. Hata kalisiamu ikipanda, utumbo hutoa maji kidogo mno, ute huwa mzito, na mtoto mchanga aweza kuziba tumbo asipate choo cha kwanza. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, lakini Waafrika pia wanao. Mtoto mwenye jasho la chumvi kupindukia, kikohozi kisichoisha na asiyeongeza uzani anafaa kuchunguzwa.

Je, maji yanayopotea hurudishwaje? Utumbo una mlango mwingine unaoingiza sodiamu ikiandamana na sukari aina ya glukosi, na maji hufuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi.

Pakiti ya chumvichumvi kutoka zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, vikorogwe katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chumvi isizidishwe. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au akihara damu, apelekwe hospitalini mara moja.

Aidha, chanjo ya rota imekuwa katika mpango wa chanjo za watoto nchini Kenya tangu 2014.