Kuchagua Kinasa-Video kwa Uhariri wa Picha za Ubora wa Juu

Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza mashine za kuchezesha kanda za VHS, ilisimamisha kazi hiyo. Tangu wakati huo kila mashine inayoharibika hupunguza idadi ya zilizosalia. Kanda zenyewe nazo huchakaa, kwani gundi inayoshika unga wa sumaku hudhoofishwa na joto na unyevu, mambo ambayo ni ya kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki. Harusi, hotuba, ngoma na masomo yaliyorekodiwa katika miaka ya 1980 na 1990 yatasalia iwapo tu yatahamishiwa katika kompyuta mapema.

Kazi hiyo hutegemea chombo kiitwacho kinasa-video, ambacho hupokea mawimbi ya picha na kuyageuza yawe tarakimu. Chombo cha jamii hiyohiyo huhitajika pia pale picha za kamera za kisasa zinapopelekwa moja kwa moja katika kompyuta ili zihaririwe. Kosa katika kukichagua halionekani siku ya kwanza. Huonekana baadaye, wakati picha zinaporukaruka au sauti inapoachana na midomo ya msemaji. Na kilichopotea wakati wa kunasa hakirudishwi na programu yoyote. Kwa hiyo yafaa uchaguzi uanze na hesabu, bei na sifa za dukani zifuate.

Picha ni hesabu

Picha ya video ya tarakimu imejengwa kwa nukta ndogo zilizopangwa katika mistari. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, picha ina mistari 625, na kati ya hiyo 576 ndiyo inayobeba picha yenyewe. Ikigeuzwa kuwa tarakimu, kila mstari hupewa nukta 720. Jumla ni nukta 414,720. Picha kamili ya ubora wa juu ina mistari 1080 yenye nukta 1920 kila mmoja, yaani nukta 2,073,600. Ukubwa huo ni mara tano kamili ya ule wa kwanza.

Kila nukta huhitaji biti za kueleza mwanga na rangi yake. Jicho la mwanadamu hutambua tofauti ndogo za mwanga kwa urahisi kuliko tofauti ndogo za rangi. Kwa sababu hiyo mafundi hupunguza habari za rangi kwa nusu bila mtazamaji kugundua. Kwa utaratibu huo, na kwa kipimo cha biti 10, nukta moja huchukua biti 20 kwa wastani. Picha zikipita 25 kwa sekunde, hesabu huwa hivi:

2,073,600 × 20 × 25 = biti 1,036,800,000 kwa sekunde.

Kiasi hicho ni zaidi kidogo ya gigabiti 1, sawa na megabaiti 129.6 kwa sekunde. Kwa saa moja ni takriban gigabaiti 467. Diski ya terabaiti 1 itajaa baada ya muda wa saa mbili na dakika chache tu.

Njia na ghala

Hesabu hiyo huonyesha mara moja ni vyombo gani visivyofaa. Njia ya USB 2.0, iliyotolewa mwaka 2000, ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Haiwezi kupitisha picha hizo bila kuzibana kwanza. Njia ya USB 3.0, iliyotolewa mwaka 2008, ina kikomo cha gigabiti 5, nayo hutosha. Kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta katika nafasi ya PCI Express hutosha vilevile.

Baada ya njia huja ghala. Diski ya sahani inayozunguka kwa kawaida huandika kati ya megabaiti 100 na 200 kwa sekunde, na mwendo wake hupungua kadiri inavyojaa. Inaweza basi kuanza vizuri na kushindwa katikati ya kazi. Diski isiyo na sehemu zinazozunguka huandika kwa kasi zaidi. Ni dhahiri kwamba kinasa-video cha gharama kubwa kilichounganishwa na diski ya polepole hakitafaa kitu.

Aina ya mlango nayo ni muhimu. Mlango wa HDMI hupatikana katika kamera nyingi za kawaida. Mlango wa SDI hupatikana katika vyombo vya studio. Kebo yake hufungwa kwa kuzungushwa, haichomoki ovyo, na hubeba picha umbali wa makumi ya mita.

Kubana picha

Picha zinaweza kubanwa ili zichukue nafasi ndogo, lakini njia zote za kubana hazifanani. Mfumo wa HDV, uliotangazwa mwaka 2003, ulibana picha za mistari 1080 hadi megabiti 25 kwa sekunde ili zienee katika kaseti ndogo za DV. Ulifanikiwa kwa kuhifadhi picha moja kamili, kisha kueleza picha kadhaa zinazofuata kwa mabadiliko yake tu. Utaratibu huo hufaa kwa kutazama. Kwa uhariri huleta taabu, kwani mhariri akitaka kukata katikati ya fungu, kompyuta hulazimika kwanza kuzijenga upya picha zinazotegemeana.

Mifumo iliyokusudiwa uhariri, kama DNxHD wa mwaka 2004 na ProRes wa mwaka 2007, hubana kila picha peke yake. Kiwango cha ProRes 422 kwa picha 25 za mistari 1080 ni takriban megabiti 122 kwa sekunde, yaani gigabaiti 55 kwa saa. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko ya HDV, lakini ni ndogo mara nane na zaidi kuliko ya picha zisizobanwa, na kazi ya kompyuta huwa nyepesi. Kwa wahariri wengi hapo ndipo penye uwiano mzuri wa ubora na gharama.

Kanda za zamani

Ukanda wa VHS una matatizo yake. Ukanda hunyooka na mashine haizunguki kwa mwendo sawasawa daima. Hivyo mistari ya picha huanza mapema au kuchelewa. Televisheni ya zamani ilivumilia kasoro hiyo. Kinasa-video hakivumilii: hupoteza picha moja hapa na nyingine pale, na sauti huanza kuachana na picha. Dawa yake ni kirekebisha-wakati, chombo ambacho huupokea kila mstari, huuhifadhi kwa kitambo, kisha huutoa kwa wakati wake. Mashine na vinasa vingine vinacho ndani yake.

Jambo la pili ni waya. Katika waya mmoja wa kawaida wa picha, mwanga na rangi huchanganywa, kisha hutenganishwa tena kwa upungufu. Waya wa S-Video huvipeleka mbalimbali. Mashine ikiwa na mlango huo, hapana budi utumike.

Jambo la tatu ni nusu-picha. Mfumo wa PAL hupeleka nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri kwa zamu na mistari ya shufwa. Vinasa vya bei ndogo sana hutupa nusu moja, na mwendo uliorekodiwa hupotea. Kinachotakiwa ni chombo kinachohifadhi zote mbili, kwa mistari 576. Kuukuza ukanda wa VHS hadi mistari 1080 wakati wa kunasa hakuongezi jambo lolote ambalo kamera haikuliona. Kazi hiyo yaweza kufanywa baadaye katika kompyuta, ilhali nakala ya asili ikibaki salama.

Maswali kabla ya kununua

Mnunuzi na ajiulize maswali manne. Picha zatoka katika chombo gani, na kina milango gani? Ni biti ngapi zitapita kwa sekunde? Je, njia na diski zaweza kuzipokea kwa saa nzima bila kukatika? Na je, picha zitahifadhiwa katika mfumo ambao programu ya uhariri inauelewa? Chombo kinachojibu maswali hayo vizuri kinafaa, hata kikiwa cha bei ya wastani. Kisichoyajibu hakifai kwa bei yoyote.

Wanafunzi wanaweza kuirudia hesabu iliyotangulia kwa picha 50 kamili kwa sekunde badala ya 25, kisha waamue iwapo diski moja ya sahani itatosha.