Kupandikiza uloto kwa watoto: kazi haiko kwenye sindano

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbegani. Jirani yetu mmoja alinikuta barazani, tukaamkiana, kisha akaniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya damu? Eti Dodoma wanaponya sikoseli?" Mwanawe wa pili ana miaka saba na keshalazwa mara nyingi kwa maumivu ya mifupa. Nikamjibu, "Ni kweli, mama, lakini siyo kila mtoto." Makala haya ni hiyo "lakini" kwa kirefu.

Tuanze na uloto. Ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, na ndiyo kiwanda cha damu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Uloto wa mwenye selimundu (ndiyo sikoseli yenyewe) hutoa chembe zinazojikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, ila kiwanda kinabaki kilekile. Kupandikiza uloto ni kubadilisha kiwanda.

Mwaka 1984, madaktari wa Memphis, Marekani, waliripoti habari za mtoto wa miaka 8 aliyepandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu. Alikuwa na selimundu pia, nayo ikaondoka. Hapa kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Ukisikia "kupandikiza" unaweza kudhani mtoto anapasuliwa. Hapasuliwi. Uloto unavutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga wa mchangiaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na mwili wake unaurudisha ndani ya wiki chache. Mgonjwa anaupokea kwa mrija kwenye mshipa, kama anavyoongezewa damu. Seli zenyewe zinajitafutia njia hadi ndani ya mifupa. Baada ya saa chache shughuli imekwisha.

Sasa daktari anayeongoza mpango wa namna hii anaongoza nini hasa?

Kwanza, anaamua nani aingie. Mchangiaji bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mwenye alama za kinga (HLA) zinazofanana na za mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4. Tena asiwe mgonjwa wa selimundu mwenyewe, ingawa aliyebeba kinasaba kimoja tu anaruhusiwa. Jirani yangu ana watoto wengine wawili. Nafasi ya kumpata walau mmoja anayelingana ni kama 44 kwa 100, kabla hata hujauliza kama naye ni mgonjwa. Ndugu wa mama mwingine, hata kama mmelelewa nyumba moja, kwa kawaida halingani kikamilifu.

Pili, anawaeleza wazazi ukweli wote. Kabla ya kupokea uloto mpya, mtoto hupewa kemotherapi kali ya kuua ule wa zamani. Inaweza kumharibia uwezo wa kuzaa baadaye, na wapo watoto wanaofariki. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2017, uliofuatilia wagonjwa 1,000 waliopandikizwa uloto wa ndugu anayelingana nao, ulionyesha kwamba zaidi ya 90 kwa 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliofanyiwa wakiwa wadogo walifanya vizuri zaidi. Ni matokeo mazuri. Lakini mzazi anayesaini fomu ana mtoto ambaye leo anacheza mpira.

Tatu, na hapa ndipo kazi ilipo, anashika timu isilegee. Kwa wiki mbili hadi nne mtoto hana kinga kabisa. Anakaa chumba cha peke yake chenye hewa inayochujwa. Homa ikipanda usiku, dawa ianze usiku huohuo. Chembe sahani za kuzuia damu kuvuja hudumu kama siku tano tu zikishatolewa, kwa hiyo benki ya damu lazima ipate wachangiaji kila mara. Muuguzi mmoja asiponawa mikono, kazi ya miezi inaweza kupotea. Baadaye chembe za mgeni zinaweza kumshambulia mwenyeji: ngozi, utumbo, ini. Ndiyo maana familia hukaa karibu na hospitali kama siku 100. Kwa mvuvi wa Mbegani, hizo ni siku 100 za chombo kukaa ufukweni.

Nilimwambia jirani asiache kliniki wala haidroksiyurea, na amwombe daktari wake rufaa ili wale wawili wapimwe. Alinisikiliza, halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Na huyo mdogo atakayetolewa, ataumia?"

Nyonga itauma siku chache, nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. "Basi na yeye itabidi tumuulize."