Je, Wajua? Feni ya Lori Hupumzika Baridini

Je, wajua kwamba feni ya lori kubwa la dizeli inaweza kula zaidi ya nguvu farasi 30 za injini? Katika baridi ya Kanada, nyuzi 30 chini ya sifuri, kuing'oa huonekana ni akili. Lakini akiba yake ni ndogo. Injini ikiwa baridi, thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta, na klachi ya feni huachia. Upepo wa mwendo unatosha. Basi feni ya nini? Lori lenye shehena likipanda mlima polepole, upepo hupungua na joto hupanda. Hapo klachi hushika na feni huvuma. Anayetaka injini ibaki na joto baridini afunge turubai mbele ya rejeta, aache uwazi katikati.